Fikasi Yako Inapukutisha Majani? Usikimbilie Ndoo ya Maji

Wateja wengi wanaonunua fikasi hapa kitaluni Dar es Salaam hutupigia simu kabla mwezi haujaisha. Malalamiko ni yaleyale: mti ulitoka kwetu umejaa majani, ukawekwa kibarazani au sebuleni, na sasa kila asubuhi kuna majani ya kufagia. Wengine huamini tumewauzia mti mgonjwa. Tunawaelewa, maana fikasi kubwa iliyosukwa shina si kitu cha bei ndogo.

Tunayoizungumzia ni Ficus benjamina, ile yenye majani madogo yanayong'aa na matawi yanayoinama. Ni ndugu wa mkuyu, ila asili yake ni Asia hadi kaskazini mwa Australia. Haina msimu wa kupukutisha. Ikishatulia, ni kijani mwaka mzima. Isichopenda ni kuhamishwa. Majani yaliyokulia juani yamezoea mwanga mwingi, na mti ukiingizwa kivulini hauwezi kuendelea kuyabeba. Huyaangusha, kisha huchipua mengine yanayofaa mwanga wa pale ulipo. Ndiyo sababu huwa tunaiweka fikasi chini ya neti ya kivuli kwa wiki kadhaa kabla ya kuiuza. Hata hivyo itaangusha kiasi ikifika kwako, hasa ikiwa kiyoyozi kinaipulizia. Ichagulie sehemu yenye mwanga wa kutosha, isiyopigwa na jua kali la mchana, kisha iache hapohapo. Anayeihamisha kila wiki akiitafutia mahali pazuri anaianzishia safari upya.

Kinachoua fikasi nyingi tunazoitwa kuzitazama ni maji ya huruma. Mwenye mti akiona majani chini, anamwagilia asubuhi na jioni. Mizizi inahitaji hewa. Udongo ukilowa muda wote, inaoza. Na mzizi uliooza haunyonyi maji, kwa hiyo mti hunyauka kama wenye kiu, naye mwenyewe huongeza ndoo nyingine. Ingiza kidole kwenye udongo hadi kiungo cha pili. Kukiwa na unyevu, acha. Pakiwa pakavu, mwagilia mpaka maji yatoke kwenye matundu ya chini, halafu mwaga yaliyobaki kwenye sahani. Majani ya njano pamoja na udongo unaonuka ni dalili ya maji mengi. Majani makavu yanayovunjika kirahisi mara nyingi ni kiu.

Kuhusu kokoto chini ya chungu, tunajua karibu kila mtu amefundishwa kuziweka. Hazisaidii. Maji hayashuki kwa urahisi kutoka udongo laini kwenda kwenye kokoto mpaka udongo wa juu yake uwe umelowa kabisa, kwa hiyo unapunguza tu nafasi ya mizizi. Kinachosaidia ni matundu ya kutosha na udongo mwepesi. Sisi tunachanganya udongo mweusi, mchanga na samadi iliyooza vizuri, tukiongeza unga wa makumbi.

Jambo jingine la hapa Dar ni chumvi. Visima vingi vya pwani vina maji ya chumvi, na mti wa chunguni hauna pa kuikimbilia. Utaona utando mweupe juu ya udongo au ubavuni mwa chungu cha udongo, na kingo za majani zikigeuka kahawia. Tumia maji ya bomba au ya mvua ukiweza. Masika ikianza, toa chungu kinyeshewe kwa siku moja au mbili ili chumvi isombwe, lakini kiweke kivulini, jua likitoka lisiyaunguze majani.

Sisimizi wakipanda shina na majani yakinata, geuza jani utazame upande wa chini. Mara nyingi ni wadudu wa magamba au vidung'ata. Wafute kwa kitambaa chenye maji ya sabuni, urudie kila wiki hadi waishe. Majani yaliyojikunja katikati huwa na vithiripi, wadudu wadogo sana, ndani. Yachume na kuyatupa mbali.

Kila miaka miwili hivi mizizi hujaa. Chungu kipya kizidi cha zamani kwa sentimita 5 tu upana, kwa kuwa kikubwa mno kinabaki na maji. Usiweke chungu moja kwa moja juu ya ardhi. Mizizi itapita kwenye matundu na kuzama. Na tafadhali, usiipande fikasi karibu na ukuta, bomba au shimo la choo hata ikikushinda ukubwa. Kwao msituni inafika mita 30, na mizizi yake hupasua sakafu. Unapopogoa, vaa glavu. Utomvu wake mweupe unawasha ngozi na ni hatari kwa macho.

Kubadilisha vyungu majumbani tunafanya zaidi mwezi Februari na Machi, kabla masika haijakolea. Kama mti wako unapukutisha sasa, tutumie kwanza picha tatu: mti mzima mahali ulipo, upande wa chini wa jani, na matundu ya chungu. Mara nyingi hizo zinatosha kukuambia kama kuna haja ya fundi kuja.