YAH: Malalamiko kuhusu kupotea kwa taarifa za modeli za majengo zinapohamishwa kutoka kwenye programu yenu

Kwa Meneja wa Huduma kwa Wateja,

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Ofisi yetu ya usanifu majengo hutumia programu yenu ya kuunda modeli za majengo za kidijitali kwa leseni ya kila mwaka, na uwezo wake tunauthamini. Ukisogeza ukuta kwenye ramani, michoro ya mkato, jedwali la milango na hesabu ya vifaa hubadilika papo hapo. Ukaguzi wa migongano nao hutuonyesha mfereji wa hewa unaopita katikati ya boriti kabla mafundi hawajaanza kusuka nondo, kosa ambalo zamani liligundulika saiti, zege likiwa limekwisha kukauka.

Tatizo huanza modeli inapotoka nje ya programu yenu. Mhandisi wa miundo na mkadiriaji majenzi tunaoshirikiana nao wanatumia programu za kampuni nyingine, hivyo tunategemea IFC, muundo wa faili ulio wazi wa kubadilishana modeli kati ya programu tofauti, ambao ulifanywa kiwango kamili cha kimataifa, ISO 16739, mwaka 2013, na ambao ninyi wenyewe mnatangaza kuwa mnaukidhi. Katika mradi tulio nao sasa, milango ya ngazi za dharura, ambayo tuliiandikia uwezo wa kuhimili moto kwa dakika 60, ilimfikia mkadiriaji ikiwa na upana na urefu tu. Sehemu ya moto ilikuwa tupu. Kuta za mviringo ziligeuka maumbo matupu ambayo programu ya mhandisi haikuyatambua tena kuwa ni kuta. Programu yenu haikutoa onyo lolote, bali iliandika kwamba uhamishaji umekamilika. Hilo ndilo linalotutia hofu, kwa kuwa mlango wa kawaida ukiagizwa badala ya mlango wa kuzuia moto, watakaodhurika ni watu watakaokuwa ndani ya jengo hilo siku likiwaka.

Tunafahamu kwamba IFC ilikusudiwa zaidi kubadilishana taarifa kuliko kuendelea kuhariri modeli, na kwamba hakuna modeli inayoweza kuwa sahihi kuliko taarifa zilizoingizwa. Hapa, hata hivyo, taarifa ziliingizwa inavyotakiwa, zikapotea njiani.

Aidha, faili likishahifadhiwa katika toleo jipya halifunguki tena katika toleo lililotangulia, kwa hiyo mshirika mmoja akisasisha, wote tunalazimika kumfuata katikati ya mradi.

Tunaomba mrekebishe uhamishaji wa sifa za moto, na programu itoe orodha ya kila kilichoachwa au kubadilishwa kila faili linapohamishwa. Tunaomba pia uwezekano wa kuhifadhi kazi katika toleo moja nyuma. Tumeambatisha faili dogo lenye mlango mmoja na ukuta mmoja wa mviringo, ambalo litawawezesha mafundi wenu kuiona hitilafu hii wenyewe. Tutashukuru kupata majibu ya maandishi kabla michoro yetu haijapelekwa kwenye zabuni. Hadi hapo, kila mlango tunauhakiki kwa mkono.

Wako mwaminifu,

Msanifu Majengo Mkuu