Mama anahudumia kijiji kizima na yeye mwenyewe anaumwa, nishaurini

Habarini wapendwa, wakubwa wote shikamooni. Mimi nipo Newala, huku juu Makondeni, nina jambo linaninyima usingizi na kwenye familia tumeshindwa kulimaliza, so naombeni mawazo hasa nyie mliowahi kukaa na mzazi wa aina ya mama yangu.

Mama ana miaka sabini na kitu, tumezaliwa sita mimi ndo kitinda mimba na ndo niliyebaki nae hapa nyumbani na wanangu. Hapa kijijini watu wengi hawamwiti jina, wanamwita Somo, mana wanawake wengi wa rika langu yeye ndo kawacheza unyago. Tangu nipo mdogo namjua ni mtu wa kujitolea tu. Miaka ile kabla dawa za ARV za bure hazijaanza kutolewa nchini 2004, alikuwa anatoka na chupa ya uji anaenda kwa wagonjwa ambao hata ndugu zao waliwaogopa, anawaogesha, anafua mashuka yao, anarudi jioni anapika ugali wa muhogo tunakula kama kawaida. Baadae ikaja kugawa dawa za matende na mabusha, yeye ndo alikuwa anashika ile fimbo ya kupimia urefu mana vidonge vinatolewa kwa urefu wa mtu, na watoto chini ya miaka 5 na wajawazito hawapewi. Watu walikuwa wanakimbia wanasema zile dawa zinamaliza nguvu za kiume. Basi mama anakaa na wanaume barazani anaongea nao taratibu, anameza za kwake mbele yao, mwisho wanakunywa. Yani nampenda na najivunia sana, hilo mlielewe kabla sijaendelea.

Shida imekuja sasa hivi. Mama ana presha na sukari. Na wakati serikali imezindua mpango wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii mwaka 2024, hao vijana wanasomeshwa na wana posho, mimi nikajua mama atapumzika. Wapi! Watu bado wanakuja kwake. Mjamzito uchungu umemshika usiku wa manane anagongewa Somo, mtu kafiwa anagongewa Somo, mke kapigwa na mumewe kipindi cha mabibo (yale matunda ya mkorosho) pombe zimejaa kila kona anakimbilia kwa Somo. Na mama hawezi kusema hapana, anajifunga kanga anatoka, nikimwambia mama kuna kijana wa zamu mpigie simu, ananijibu huyo binti kamfuata mimi hajamfuata kijana.

Juzi juzi namuosha miguu nikakuta mwiba umezama kwenye unyayo, pembeni pameanza kutoa usaha, namuuliza mama hukusikia maumivu? Anasema hata hakujua. Nikampeleka, daktari akatuambia sukari imeshaua hisia za miguu, asitembee pekupeku, kila jioni akaguliwe nyayo mana kidonda kama hicho kikichelewa mguu unakatwa. Kesho yake alfajiri sikumkuta kitandani, kaenda msibani na ndala.

Kuna la vidonge pia. Vidonge vyake vya presha vilikuwa vinaisha kabla ya tarehe ya kliniki na mimi sielewi, kumbe anamgawia jirani yetu mmoja ambae nae ana presha na hana hela. Nikamkalisha nikamweleza mama hizi kapimiwa mtu na mtu, kwake zinaweza zisifae na wewe unabaki bila dawa. Akanisikiliza vizuri kabisa, alafu akaniuliza, sasa nimuache aanguke?

Na hela ni hivo hivo. Mikorosho ni ya kwake, hela ya mnada wa korosho ikiingia akaunti inaisha kwenye bodaboda za wajawazito, sare za yatima, sanda, mpaka salfa ya ruzuku, ile dawa ya kupulizia mikorosho, tunaipata lakini hela ya petroli ya mashine na ya kijana wa kupulizia tunakopa. Kaka yetu mkubwa yupo Dar alikuwa anatuma hela ya matibabu kila mwezi, sasa kagoma, anasema yeye hawezi kulisha kijiji. Kasema anakuja msimu ukiisha kumchukua mama akaishi nae Dar moja kwa moja, na mimi ndo nimshawishi. Dada zangu wawili wanamuunga mkono kaka.

Mjomba nae, kaka yake mama, kasema haiwezekani. Si mnajua sisi Wamakonde mjomba akisema kasema. Anasema dada yake hatoki kwenye ardhi ya ukoo akafungiwe kwenye nyumba ya geti, na kwamba watoto wa dada hawana amri juu ya mama yao. Wakipigiana simu na kaka ni ugomvi, wote wananigeukia mimi.

Mama mwenyewe nilimuuliza tukiwa tunamenya ming'oko (vile viazi pori vya huku), nikamwambia ukweli kuhusu kaka. Akasema Dar atakwenda kusalimia wajukuu wiki mbili, sio zaidi. Alafu akaniambia mimi ndo nitashika nafasi yake watu wakija. Sikujibu. Mimi nashona nguo, nalea wanangu peke yangu, sina ule moyo wa kuamka kila usiku, na sijui namwambiaje.

Kwa akili yangu naona Dar atanyong'onyea, kule hana wa kumgongea mlango. Lakini hapa nikimuacha hivi hivi, mguu utakwenda au presha itampiga njiani usiku. Nilifikiria nikakae na mwenyekiti wa kitongoji na wale vijana wa afya tupange wagonjwa wa usiku waende kwao, mama abaki na ya mchana ya kukaa tu kama kuongea na wajawazito na mabinti hapa hapa barazani. Ila naogopa ataona nimemvua heshima yake mbele za watu, na kaka ataona nimekaa upande wa mjomba.

Naombeni mnisaidie haya. Mzazi kama huyu mlimpunguzaje kazi bila kumvunja moyo? Nani aongee nae, mjomba, sheikh au daktari? Na kaka nimwambie nini ili arudishe hela ya matibabu hata kama mama habebwi kwenda Dar? Mana minada ikiisha tu atakuwa ameshafika hapa na gari, na mimi mpaka sasa sina jibu la kumpa.