Salamu za Krismasi na Mwaka Mpya kwa wasomaji wa maktaba yetu, Tanga

Bwana Yesu asifiwe. Asalaam aleikum. Wazazi wetu, walimu, vijana, nanyi watoto mnaogombea mkeka wa mbele kila Jumamosi, nawasalimu nyote. Kwa niaba ya wenzangu tunaojitolea katika maktaba yetu ndogo ya mtaa, nawatakia heri ya Krismasi na baraka tele za Mwaka Mpya wa 2026. Mwenyezi Mungu aliyetufikisha hapa atuvushe salama.

Tumefika, ila hatukufika wote. Mzee wetu wa magazeti, mstaafu wa reli, aliyekuwa mlangoni kabla hata sijafungua kufuli, alitutoka wakati wa masika. Gazeti la siku bado tunaliweka kwanza pale alipozoea kukaa. Mei 28 akaondoka mwandishi Ngũgĩ wa Thiong'o. Ni Mkenya, mtu wa ng'ambo ya mpaka wa Horohoro, lakini huku kwetu tulimlilia kama wetu. Vitabu vyake tulivitandaza meza ya mbele, na vile vilivyotafsiriwa kwa Kiswahili ndivyo vilivyorudi vimechakaa zaidi. Kisha ukaja mwisho wa Oktoba, na machafuko ya uchaguzi. Kwa waliofiwa sina neno ila pole, na Mungu awafute machozi. Siku zile intaneti imezimwa na watu wengi wamejifungia ndani, watoto wa jirani walinigongea kuomba kitabu, chochote kile. Tulikisoma kwa zamu mpaka jalada likaachia.

Bei nazo mnazijua. Mchele, mafuta ya kula, nauli, na Januari ndiyo hiyo inakuja na sare, madaftari na michango. Mama mmoja alinionyesha kitabu cha hadithi alichokiona dukani akaniuliza, "Mwalimu, ninunue hiki au ninunue unga?" Nunua unga, mama. Kitabu njoo uazime. Maktaba ipo kwa ajili hiyo hiyo, ili mtoto wa asiye nacho asome alichosoma mtoto wa mwenye nacho.

Mniwie radhi, hapa nitasema la kwangu. Hii ni Krismasi yangu ya kwanza bila mama. Hakupelekwa shule utotoni. Mkesha wa kuingia mwaka 1970 Mwalimu Nyerere alitangaza kwamba mwaka unaoanza ni wa Elimu ya Watu Wazima, na katika miaka iliyofuata mama naye akawa anatoka shamba jioni na kwenda kisomo, na vile vitabu vilivyofundisha herufi na kilimo kwa pamoja. Alisoma kwa kidole mpaka uzeeni. Kila mkesha wa Krismasi alitusomea Luka sura ya pili kwa sauti, taratibu, pilau inaivia jikoni, na hata macho yalipoanza kumsumbua hakukubali mtu ampokee. Biblia yake sasa iko kwangu. Nimejaribu kuisoma sura ile peke yangu. Nikifika mstari wa saba sauti inakatika.

Likizo hii meza ya mbele ni ya Shaaban Robert. Alizaliwa Vibambani, hapa hapa Tanga, Januari 1, 1909, kwa hiyo mwaka mpya kwetu ni siku yake pia. Tumeweka mashairi, na pembeni zile barua alizomwandikia mdogo wake Yusuf Ulenge kwa miaka mingi. Nawaomba vijana mzisome barua hizo polepole. Mtaona karani wa serikali ya kikoloni, mwenye shughuli na shida kama zetu, ambaye hata hivyo alipata muda wa kukaa na kumwandikia ndugu yake kwa lugha safi. Alipofiwa na mkewe Amina, alimlilia kwa shairi. Tutawapa watoto karatasi na kalamu, kila mmoja amwandikie barua bibi, babu au ndugu aliye mbali. Asiyejua kuandika atachora, na dada zake watamsaidia maneno. Jioni tutasimulia hadithi kwa zamu, na wazee wenye ngano za Kibondei, Kizigua, Kisambaa na Kidigo tunawasubiri kwa hamu.

Nanyi wazazi, msiniachie mimi watoto wote! Mtoto haigi kusoma kwa kuambiwa "nenda kasome" na mtu aliyeinamia simu. Anaiga akikuona wewe umeshika kitabu. Kaa naye, msomee ukurasa mmoja kabla ya kulala, na kama wewe kusoma kunakuwia vigumu, yeye akusomee wewe, umsikilize mpaka mwisho, umsifu. Pombe ya sikukuu itakwisha usiku ule ule na nguo mpya itapauka kabla ya Pasaka. Zimeni redio na runinga kwa nusu saa tu. Kinababa hasa, nawasihi: sauti yako ikisoma ni urithi ambao hakuna ndugu atakayemdhulumu mwanao. Mimi najua ninachosema.

Vitabu vilivyokaa majumbani tangu Pasaka vileteni, hata vilivyochanika. Hatumtozi mtu wala hatumuulizi. Gundi tunayo, na kuna watoto wamekwisha kujiandikisha kuvisubiri.

Heri ya Krismasi na Mwaka Mpya wenye afya, amani na riziki.