Somo, anza na kisiwa kinachozama

Bremen, Jumapili usiku

Somo yangu mpenzi,

Hamjambo nyote hapo Chumbageni, Tanga? Sisi huku hatujambo, ila baridi imewahi mwaka huu na saa kumi na moja jioni giza limeshaingia. Ile sauti yako ya dakika saba nimeisikiliza mara mbili, ya pili nikiwa jikoni napika mchuzi wa nazi ya kopo, Mungu anisamehe.

Nimekuelewa. Likizo ya Desemba inakuja, simu hutaki kuwaachia kutwa, ludo imeishia kwenye ugomvi hadi ubao umechanika vipande viwili, na bao la shemeji halina nafasi ya mtoto. Mtu mwenye mashimo 32 na kete 64 za kuhesabu kichwani hana subira. Akimfundisha mtu, anamfundisha kwa kumfunga. Sasa umeona picha za hii michezo ya mezani ya safari na hazina, mashujaa na mapango na visiwa, unataka kujua uanze na upi.

Ungeniuliza miaka mitano nyuma ningekupoteza. Mimi nilianzia gulioni, nikanunua sanduku kubwa la zamani kwa sababu ya picha iliyokuwa juu yake tu. Kadi mamia, dadu, ramani ya duara ndani ya duara. Tukaanza saa nane mchana. Mwanangu wa kiume alikuwa ameshajikusanyia upanga na dhahabu, mara ikaja kadi moja ikamgeuza chura, kila alichokuwa nacho kikadondoka chini. Alilia machozi ya kweli. Adhana ya magharibi ikalia kwenye simu na hakuna aliyekuwa amekaribia katikati ya ubao. Baba watoto akauliza kwa upole kama mchezo huo una mwisho. Sanduku lile sasa limekaa juu ya kabati, tunawekea blanketi.

Jirani mmoja ndiye aliyenishika mkono. Maktaba ya mji huku huazimisha michezo kama inavyoazimisha vitabu, akaniambia nisinunue kitu mpaka nimeazima kwanza. Ndipo nikarudi nyumbani na Forbidden Island, na huo ndio ninaokutumia. Usinunue chochote, soma hadi mwisho.

Aliyeubuni ni Mmarekani, Matt Leacock, na ulitoka mwaka 2010. Miaka miwili kabla alikuwa ametoa Pandemic, ambao wachezaji wanahangaika dunia nzima kuzima magonjwa manne. Huu wa kisiwa ni kama mdogo wake, mwepesi zaidi. Wajerumani wana tuzo yao ya mchezo bora wa mwaka tangu 1979, na mwaka 2011 huu ulikuwa miongoni mwa walioteuliwa. Haukushinda, ulishindwa na Qwirkle, ambao ni wa kupanga vigae vya rangi na maumbo tu. Waamuzi wana yao na mimi nina yangu.

Kinachoutofautisha na ludo ni kwamba hakuna anayemfunga mwenzake. Mnapambana na bahari. Kisiwa chenyewe ni vigae 24, unavipanga mkekani mistari ya viwili, vinne, sita, sita, vinne, viwili, na kila mara unavichanganya upya, kwa hiyo kisiwa cha leo si cha jana. Humo mna hazina nne. Mtu mmoja akikusanya kadi nne za hazina fulani na akafika kwenye kigae chake, anaichukua. Mkishazipata zote nne mnakimbilia kigae kinachoitwa Fools' Landing, sisi tunakiita Diko la Wajinga (diko ni pale vyombo vinapotia nanga), mmoja anatoa kadi ya helikopta, mmeokoka. Wote au hakuna.

Sasa bahari. Kila mtu akimaliza zamu yake anafunua kadi za mafuriko. Jina la kigae likitoka, kigae kinageuzwa upande wa buluu, yaani maji yamekiingia. Likitoka tena kabla hamjakikausha, kinazama, unakiondoa mkekani, na hakirudi. Somo, ule mkono wa mtoto ukiondoa kigae, pale pakibaki pengo na mkeka unaonekana chini! Hata mimi moyo hunidunda.

Halafu kuna kadi tatu zilizojificha kwenye rundo la kadi za hazina, zimeandikwa Waters Rise, yaani maji yanapanda. Wanangu wanaziita bamvua, yaani yale maji makubwa ya bahari, na sikuwafundisha mimi; wamelisikia neno kwa babu yao kwenye simu. Bamvua likitoka, kipimo cha maji kinapanda. Mwanzo mlikuwa mnafunua kadi mbili za mafuriko, baadaye tatu, nne, mpaka tano. Ila ujanja wenyewe ni huu: zile kadi za mafuriko zilizokwisha tumika zinachanganywa na kurudishwa juu ya rundo lake, si chini. Maana yake ni kwamba maji yanarudi palepale yalipopita. Na ndivyo maji yalivyo, si unajua? Mvua ikinyesha hapo kwetu, dimbwi halihami mtaa.

Kila mchezaji ana kazi yake. Injinia anakausha vigae viwili pale wenzake wanapokausha kimoja. Mpiga mbizi anapita hata penye pengo. Mvumbuzi anakwenda mshazari. Tarishi anampa mwenzake kadi bila kumfuata alipo. Wawili waliobaki walitugombanisha majina: mmoja anarusha ndege, mwingine anawasogeza wenzake. Baba watoto akashikilia kwamba rubani wa asili ni wa chombo, mwenye kujua miamba, na huyu wa ndege amekuja juzi. Ana haki. Tukapatana rubani awe wa ndege kwa kuwa watoto wamezoea, na wa pili awe nahodha. Nimekuandikia vikaratasi vya Kiswahili vyenye maelezo ya kila mmoja, nimevibandika nyuma ya kadi zao. Maandishi mengine ni machache, na vigae vinatambulika kwa picha, hivyo hata kitinda mimba wako wa miaka sita atafuata, ingawa sanduku linasema miaka 10. Mchezo mzima ni kama nusu saa. Wanacheza wawili hadi wanne. Bibi na kitinda mimba wawe timu moja.

Lakini kuna jambo halikuandikwa kwenye maelezo. Mchezo wa kusaidiana una ugonjwa wake: mkubwa mmoja huota pembe. Mara ya kwanza nilikuwa mimi. Niliona njia yote mapema, nikawa naongoza. Wewe nenda pale, wewe mpe kadi, hapana si hiyo, mwanangu kausha kile cha kushoto. Tulishinda vizuri kabisa. Kuinua macho, binti yangu, alikuwa na miaka saba wakati ule, ameweka kadi zake mkekani zimepangwa vizuri, amekwenda chooni, na huko amekaa mpaka tumemaliza. Baba watoto akaniambia, "Umecheza vizuri, ila umecheza peke yako kwa mikono minne."

Iliniuma kwa sababu ni kweli. Toka siku ile tuna sharti la mwiko. Mwenye zamu anashika mwiko wa kupikia, na mwenye mwiko ndiye mwenye kauli. Wengine wanaweza kusema wanachokiona, lakini hawasemi fanya. Mimi huchagua tarishi, kazi yake ni kugawa tu, halafu nauma ulimi.

Nikupe mfano wa jinsi sharti hilo linavyouma. Jumapili moja tulikuwa na hazina tatu mkononi. Iliyobaki ni kikombe cha bahari, na kila hazina ina vigae viwili tu vya kuichukulia. Kimoja, Coral Palace, kilishazama. Cha pili, Tidal Palace, kilikuwa kimegeuka buluu. Kikizama na hicho, kwaheri. Bamvua lilikuwa limetoka punde tu, na kadi ya Tidal Palace ilikuwa kwenye zile zilizorudishwa juu. Mwiko uko kwa binti. Ana vitendo vitatu, na yuko hatua mbili tu: aende, akikaushe. Niliona kama ninavyoiona sufuria inayotaka kufurika. Yeye akautazama mkeka, akageuka, akaenda kulikausha Diko la Wajinga. "Tusipoteze njia ya kurudi nyumbani," akasema. Kaka yake alifungua mdomo, nikamtazama, akaufunga.

Akafunua kadi. Ya tatu ilikuwa Tidal Palace.

Nilidhani atalia. Alikiondoa kigae mwenyewe, akakaa kimya, kisha akalivuta lile rundo la kadi zilizotumika, akaanza kuzifunua moja moja. "Mama, hizi ni zilezile." Akazihesabu. "Zilikuwa tisa. Tulikuwa tunazijua zote." Nikamwambia ndiyo. Akaniangalia jicho baya, kwa kuwa nilijua na nikanyamaza, akadai turudie palepale. Tulirudia. Siku hizi kabla hajagusa kete yake anauliza kwanza nini kimekwisha toka, na mimi ndiye ninayesahau. Wiki iliyopita alinikumbusha mbele ya wageni.

Kwa hiyo mkiuanza msisome maelezo yote kwa sauti, watasinzia. Pangeni kisiwa, geuzeni vigae sita vya mwanzo, wewe cheza zamu moja wakuone, basi. Kipimo cha maji kianzie daraja la chini kabisa. Kadi muweke wazi mbele ya kila mtu ili msaidiane. Na shemeji akija kukaa pembeni na kuanza kuongoza, mpe kahawa yake, abaki na bao lake barazani.

Mkishauzoea, ukitaka wa pili, nakupendekezea Karuba wa mwaka 2015, wa kampuni ya HABA ya hapa Ujerumani. Kila mtu ana kisiwa chake, na mmoja anavuta kigae na kutaja namba, wote wanatafuta kigae cha namba hiyohiyo. Unakiweka kiwe njia ya msituni, au unakitupa ili umsogeze mtu wako kuelekea hekaluni. Wote mnapata vigae sawa, kwa hiyo hakuna wa kusingizia bahati, na hakuna maandishi ya kusoma. Humo mnashindana, lakini kila mmoja kwake, hamvunjiani.

Mwanao mkubwa najua atataka wa mapanga. Huo ni HeroQuest. Ulitoka 1989, ukapotea miaka mingi madukani, ukarudi 2021. Mashujaa ni wanne, mmoja ana nguvu, mmoja mbilikimo, wapo na mchawi, wanaingia chini ya ardhi chumba baada ya chumba, na mtu mmoja anakaa upande wa maadui na kuwafunulia kilichomo. Hiyo ni kazi ya mjomba, mtu mwenye sauti. Nimeupenda kwa jambo moja: dadu zake zinawapendelea wageni. Kila dadu ya vita ina mafuvu matatu, ngao nyeupe mbili na nyeusi moja. Kupiga ni mafuvu kwa wote, lakini shujaa anajikinga kwa zile ngao mbili, adui ana moja tu. Mtoto anatoka mle ameshinda mara nyingi kuliko kushindwa. Kasoro yake ni bei, pesa nyingi kwa sababu ya vile visanamu, na mifupa inayotembea. Mama mkubwa akiyaona yale mafuvu atatusomea Ayatul Kursiyyu sote, mpaka mimi huku Bremen. Subiri mwaka mmoja.

Mdogo wangu anashuka Dar tarehe tano Desemba, atakuwa Tanga ile wikiendi. Nimempa sanduku letu wenyewe, nakala ya Kiingereza, kona moja imebonyea kwa sababu kaka mtu aliwahi kulikalia. Nimevihesabu vigae, 24 vyote vimo. Hazina nne zimo, nimezifunga kwenye soksi. Watoto wangu hawakukataa, ila binti amesema tunaununua mwingine kabla ya Krismasi, na mwiko haendi nao mtu, mtafute wenu.

Kete ya tarishi haimo, imepotea toka tulipohama nyumba. Mahali pake nimeweka komwe. Unaikumbuka ile niliyoipora kwenye bao la baba yako siku ile naondoka, mkaitafuta mpaka chini ya kiti? Ndiyo hiyo. Mwambie mzee nimeirudisha, lakini asiitie kwenye bao kwanza, watoto wanaihitaji.

Nisalimie mama mkubwa, na uniandikie nani kachagua kazi gani.

Wako,
Somo