Msimtafute stejini, hayupo

Mama, Baba, shikamooni. Bibi shikamoo, najua wewe utasomewa kwa hiyo nimemwambia msomaji asiruke sehemu hata moja.

Naandika leo leo kabla hamjaifungua ile video ya shoo ya dansi ya shuleni kwa mdogo wangu, maana nawajua. Mtaifungua, mtaanza kumtafuta kitinda mimba wenu, dakika ya kwanza hayupo, ya pili hayupo, Baba atasema hii siyo yenyewe wamekosea kutuma, ataizima. Sasa nisikilizeni kwanza. Ni yenyewe, na kweli hayupo. Hajatokea stejini mpaka mwisho kabisa walipoitwa watunzi wote waje wainame mbele ya watu, na hapo mtamuona na suruali nyeusi, nywele kazifunga tu, kasimama pembeni sekunde chache karudi nyuma. Lakini ile kazi ya mwisho kabla ya mapumziko, ile ya watu sita, yote ni ya kwake. Nani anasimama wapi, nani anaanza, mkono unafika hadi wapi, lini kunakuwa kimya, taa inazimwa lini, kila kitu kaamua yeye. Fundi akishona gauni la bibi harusi halivai yeye siku ya harusi, ndo hivo hivo.

Maana kwenye simu mnaniuliza "kwani anasomea kucheza?" na mimi nilikuwa najibu ndiyo ndiyo yaishe. Nilivyokaa pale ukumbini nimeelewa jibu langu lilikuwa linampunguza. Kucheza anacheza, tena sana, ila anachomalizia shule ni kutunga. Hawa wa mwaka wa mwisho kila mmoja anatakiwa atengeneze kazi mpya kabisa, isiwe imewahi kuchezwa popote, halafu aifikishe stejini mbele ya watu waliokata tiketi na walimu wanaoandika maksi gizani. Karatasi ya mtihani ni watu wazima wenye magoti yanayouma na ratiba zao, na ndo hapo kazi ilipo.

Mwanzo wa mwaka walifanya usaili wa madansa, wengi ni wa madarasa ya chini, na dansa mmoja anaweza kuwa kwenye kazi mbili au tatu za watu tofauti, kwa hiyo mazoezi yanapangwa usiku, yanapangwa jumapili, yanapangwa saa ambayo wale sita wote wanapatikana na chumba kiko wazi, na mmoja akiumia kifundo cha mguu unaanza kufundisha mwingine sehemu yake yote upya huku siku zinakwenda. Mdogo wangu alikuwa ananipigia simu kachoka sauti haitoki. Nilikuwa nadhani anachoka kwa kurukaruka kumbe anachoka kwa kuamua. Watu sita wanakuangalia wanasubiri useme kinachofuata, na hakuna kitabu cha kufungulia jibu.

Kabla hujaruhusiwa kuingia kwenye shoo lazima uonyeshe kazi ikiwa bado mbichi, bila nguo za steji wala taa, walimu na wenzako wamekaa chini wanaangalia. Na hapa nimependa sana jinsi wanavyosema maoni. Kuna utaratibu ulioanzishwa na koreografa, yaani mtunzi wa dansi, wa Marekani anaitwa Liz Lerman, ulianza 1990, una hatua nne na siku hizi unatumika hata nje ya dansi. Kwanza walioangalia wanasema nini kimewagusa, kimebaki kichwani. Pili mtunzi ndo anauliza anachotaka kujua. Tatu wao wanamuuliza yeye, lakini swali lisiwe na hukumu ndani yake, yaani huwezi kuuliza "kwa nini ni ndefu hivyo", unauliza "ulikuwa unataka muda uende vipi". Mwisho kabisa ndo maoni, na hata hapo unaomba ruhusa kwanza, unasema nina maoni kuhusu sehemu fulani, unataka kuyasikia? Na mwenye kazi anaweza kusema hapana asante. Natamani tungekuwa tunaongea hivi kwenye vikao vya familia, na hilo nalisema kwa dhati kabisa.

Kazi ya mdogo wangu iko hivi. Watu sita, na mmoja wao hagusi sakafu. Anabebwa mgongoni, mabegani, mikononi, anapitishwa kutoka kwa mtu hadi mtu, wakati mwingine wanakimbia naye, wakati mwingine wanambadilishana taratibu hadi huoni nani kaachia nani kashika. Katikati alikuwa ameweka sehemu ambayo yule anayebebwa anacheza akiwa huko juu, mikono inaruka, mgongo unapinda, na kila mtu aliisifia. Sasa siku ile ya kuonyesha mwanafunzi mmoja akamuuliza swali moja tu, "yule wa juu anawajua wanaombeba?" Mdogo wangu anasema hakulala. Kesho yake akaikata ile sehemu yote. Ile iliyosifiwa! Kwa sababu ilikuwa inafanya watu wamuangalie wa juu peke yake wanasahau kuna migongo mitano chini inatetemeka, na yeye kazi yake ilikuwa kuhusu ile migongo. Nilipomuuliza haikumuuma kuikata akasema ilimuuma sana, na madansa pia iliwauma kwa sababu walishaitolea jasho wiki na wiki, ikabidi awakalishe chini awaelezee mmoja mmoja.

Mimi hapo ndo niliacha kumuona kama mtoto.

Sasa usiku wenyewe. Niliwahi mapema, nikamkuta nje ya mlango wa nyuma hawezi kula, nikamshika mikono ikawa ya baridi. Ili asiwaze nikamwambia nifundishe kitu, akaanza kunihadithia kwamba mmoja wa usiku unaokumbukwa sana kwenye historia ya dansi ulikuwa wa wanafunzi kama wao. Tarehe 6 Julai 1962, New York, ndani ya kanisa linaitwa Judson Memorial. Kulikuwa na mwalimu, Robert Dunn, yeye mwenyewe alikuwa mtu wa muziki wala siyo koreografa, alianza kufundisha darasa la utunzi wa dansi 1960 kwenye studio ya koreografa Merce Cunningham, na darasa likawa na kazi nyingi mpaka wakatafuta pa kuzionyesha. Waliokuwepo ni kina Yvonne Rainer na Steve Paxton, wakati ule hawana jina, leo kila anayesomea dansi anawasoma. Walikuwa wanaweka kutembea kwa kawaida kwenye dansi, kukimbia, kukaa, vitu ambavyo watu walikuwa hawavihesabu kama dansi.

Na kweli kazi ya kwanza usiku ule ilikuwa watu wanatembea. Wanatembea tu! Pale mwanzoni nilikuwa nimekaa nasubiri waanze, baadaye nikagundua washaanza zamani, na kwamba yule wa nyuma kila akikata kona anachelewa kidogo zaidi, na ule ucheleweshaji ulivyokuwa unakua mimi nilikuwa nimekamata mkono wa kiti. Ilinifundisha kuangalia, na nadhani waliipanga ya kwanza makusudi kwa sisi wazazi na ndugu ambao macho yetu hayajazoea.

Ila mdogo wangu ananiambia mpangilio wa shoo mara nyingi unaamuliwa na vitu ambavyo mtazamaji hafikirii. Dansa aliye kwenye kazi mbili anahitaji muda wa kubadilisha nguo na kupumua, kwa hiyo kazi zake haziwezi kufuatana. Yenye viti na meza inawekwa mahali ambapo kuna nafasi ya kuvitoa. Yenye kelele haiwekwi kabla tu ya iliyo kimya, ile ambayo nzima haina muziki, na ilikuwepo moja hivo, dansa mmoja, hakuna muziki kabisa, unasikia nyayo na pumzi zake tu, na mtu mmoja akikohoa kule nyuma inakuwa sehemu ya kazi. Hiyo nimeipenda mno. Mtakapoiona ongezeni sauti ya simu, msidhani imeharibika.

Iliyokuwa na viti haikunikaa. Wazuri wale watoto, wana nguvu, na watu walipiga makofi kuliko zote, lakini wote wanafanya kitu kimoja kwa pamoja mwanzo hadi mwisho, pa pa pa, na baada ya dakika chache unakuwa umeshaelewa na hakuna kinachobadilika. Ilikuwepo pia ya watu wawili wanaegemeana, uzito wa huyu uko juu ya yule, wanaangushana wanaokotana, na huo uchezaji una asili yake, ulianzishwa na yule yule Steve Paxton 1972, kwa hiyo unaona jinsi kitu cha wanafunzi wa kanisani kinavyotembea kinafika mbali. Wale wawili waliniliza, basi tuendelee.

Ya kwetu ilipofika sikuweza kupumua vizuri. Giza kwanza. Halafu mwanga ukaja kutoka ubavuni. Mama nataka uuangalie ule mwanga kwa makini, kwenye dansi wanapenda kuweka taa pembeni mwa steji badala ya kumulika usoni tu, kwa sababu mwanga wa mbele unamlainisha mtu anaonekana bapa, ila wa ubavuni unachonga mwili, unaona mbavu, unaona msuli wa paja. Na yeye na mtu wa taa walikubaliana wazifunge zile taa kwa chini mwanga usiguse sakafu. Kwa hiyo sakafu haipo! Yule wa juu anaelea, na wale watano unawaona vipande vipande, bega, shingo, mkono uliokaza. Ile kuelewana na mtu wa taa ina siku yake maalum, wanapita kazi nzima wakisimama kila taa inapobadilika, madansa hawachezi kwa nguvu wanaonyesha tu, na kila mtunzi anapewa muda wake, ukiisha umeisha hata kama hujamaliza. Yeye alimaliza. Alikuwa kaandika kila badiliko kwenye daftari kabla hajaingia.

Na mwisho wanamshusha. Mguu mmoja unagusa sakafu, wa pili unagusa, na wale watano wanaondoka kila mtu na upande wake huku bado mikono yao imekaa umbo la kubeba. Taa inazimwa wakiwa bado wanatembea, hawajafika. Ukumbi ulikaa kimya kabla ya makofi na mimi nilikuwa namuangalia kichwa chake mstari wa mbele, hakugeuka.

Baba, sasa wewe. Najua unaona hii siyo elimu ya kusimama nayo mbele za watu. Shahada ya dansi ya chuo kikuu ilianza 1926, chuo cha Wisconsin Marekani, mwalimu aliyeipigania anaitwa Margaret H'Doubler, kwa hiyo siyo kitu cha juzi. Na usiseme ni mambo ya huko kwao, mama Germaine Acogny, dansa na koreografa mzaliwa wa Benin, aliongoza shule ya dansi Dakar kuanzia 1977 halafu akajenga ya kwake huko huko Senegal, na 2021 alipewa tuzo ya Simba wa Dhahabu kule Venice kwa kazi ya maisha yake. Wewe unapenda mambo ya sheria basi na hili ujue, utunzi wa dansi uliingizwa kwenye mkataba wa Berne wa hakimiliki 1908. Kazi ile ni mali ya binti yako kama kitabu kilivyo mali ya aliyekiandika. Kipindi kile kilichotakiwa ni iwe imerekodiwa kwa namna fulani. Zamani walihangaika kutafuta maandishi ya dansi, yaani alama za kuandikia miondoko, kina Rudolf Laban walitoa ya kwao 1928, na siku hizi wengi wanategemea video.

Kwa sababu hiyo hiyo naomba sana, ile video iishie humo ndani. Kaka usiirushe kwenye stetasi wala kwenye grupu la ukoo, kuna kazi za wenzake humo na kuna miziki ya watu wameombea ruhusa ya ukumbini tu, siyo ya mtandaoni. Anayetaka kuona aje akae aangalie hapo nyumbani. Tena mzime taa za chumbani, na msiiangalie kwa simu kama mnaweza kuiunganisha kwenye tivii, kwenye kioo kidogo wale watano wa chini mtawakosa.

Akipiga simu msimuulize kama alicheza vizuri. Muulizeni ilikuwaje akaikata ile sehemu ya katikati, na muulizeni anataka kutengeneza nini sasa, maana ana wazo jipya na anahitaji mtu wa kumwambia. Wale madansa wake wamemuomba waendelee kukutana hata baada ya shule kufungwa, atabaki kidogo, kwa hiyo Mama usihesabu siku za kumpokea kwa sasa.

Baba ukishaangalia mwandikie wewe mwenyewe, usimwagize Mama. Za Mama anazo nyingi, ya kwako ndo anaisubiri.

Mimi mwanenu mkubwa.