Barua ya wazi kwa Mkurugenzi wa Hospitali ya Rufaa: mgongo wa binti yangu unazidi kupinda

Mheshimiwa Mkurugenzi,

Salamu na heshima. Nakuandikia hadharani kwa sababu barua mbili nilizomwachia katibu wako hazikujibiwa, na kwa sababu ya yaliyotupata Jumatatu.

Tulifika kliniki saa moja asubuhi, binti yangu wa miaka 12 akiwa amekumbatia bahasha ya eksirei. Tulikaa kwenye benchi hadi saa saba mchana. Karani akatoka, akasema daktari bingwa wa mgongo hayupo, akaifuta tarehe yetu kwa kalamu na kuandika nyingine, miezi minne mbele. Ni mara ya tatu kadi ile kufutwa.

Ana skoliosisi. Uti wa mgongo umepinda upande na kujisokota. Niligundua kwa mkoba wa shule, kamba ya bega la kushoto ilikuwa haikai, inateleza kila mara. Akiinama kuokota kitu, mbavu za kulia zinainuka. Ameshaniuliza kama ni mkoba uliompinda. Nimemwambia hapana, kwa sababu si mkoba, lakini swali hilo alitakiwa kujibiwa na daktari.

Tulipopewa rufaa, miezi 11 iliyopita, eksirei ilionyesha mgongo umepinda kwa pembe ya nyuzi 24. Barua yenu ninayo, inaahidi tungeonwa ndani ya wiki 6. Picha ya mwezi uliopita inasoma nyuzi 37.

Wewe ni tabibu, unajua kuliko mimi maana yake. Mtoto anayekua, mgongo ukiwa kati ya nyuzi 25 na 40, huvalishwa mkanda mgumu kwa saa nyingi kila siku ili usizidi kupinda. Utafiti wa Marekani na Kanada uliochapishwa mwaka 2013 ulionyesha kuwa watoto 72 katika kila 100 waliovaa mkanda walimaliza kukua bila kufika nyuzi 50. Wasiovaa walikuwa 48. Akishakoma kukua, mkanda haumsaidii tena. Akifika 45 au 50, yanayozungumzwa ni upasuaji, skrubu na vyuma mgongoni.

Nampima urefu kwa alama za penseli kwenye fremu ya mlango. Tangu tupewe rufaa amerefuka sentimita 6. Zamani nilifurahi kuchora alama mpya. Sasa mkono unatetemeka.

Sijui kinachokwamisha. Huenda bingwa ni mmoja na wagonjwa ni wengi. Huenda faili lake limechanganywa na ya watu wazima wenye maumivu ya kiuno, na kwa kuwa yeye halii, anaonekana wa kungoja. Kama ndivyo, foleni hiyo imepangwa vibaya, Mheshimiwa. Ugonjwa huu mara nyingi huenda kimyakimya. Anayepaswa kutangulia ni yule anayekua haraka.

Naomba tarehe. Siombi kutangulizwa kwa upendeleo, naomba ile ahadi ya wiki 6 mliyoiandika wenyewe. Mwezi huu, si miezi minne ijayo. Hata kama daktari ataitazama picha kwa dakika tano na kuandika apimwe mkanda, itatosha kwa kuanzia. Tafadhali, tarehe moja isiyofutwa.

Jumatatu ijayo saa moja asubuhi tutakuwa kwenye benchi lile lile, na bahasha yetu.

Wako kwa heshima,
Mama wa mgonjwa