Kabla Hakijawa Kiporo

Tanga

Mpenzi shoga yangu Mwajuma,

Salamu nyingi kwako, kwa shemeji na watoto. Umeniuliza ufanyeje na kiporo kinachomwagwa kila asubuhi hapo kwako, ilhali jirani yako analaza wanawe na uji mtupu. Nakujibu kwa kirefu, maana jambo lenyewe si dogo. Ripoti ya UNEP, lile shirika la Umoja wa Mataifa lenye makao yake Nairobi, iliyotoka mwaka 2024, inasema kwamba mwaka 2022 dunia ilitupa tani bilioni 1.05 za chakula, na asilimia 60 zilitoka majumbani. Hoteli na maduka yote kwa pamoja hayakutufikia.

Anza na kipimo. Robo kilo ya mchele inatosha watu wazima wawili, na mtoto mdogo mhesabie nusu. Weka kikombe kimoja ndani ya ndoo ya mchele, kiwe hichohicho siku zote, uache kukisia kwa macho. Mgeni akitokea ghafla, chemsha ndizi au ongeza mboga. Kupika sufuria kubwa kila siku kwa kumngojea mgeni ndiko kunakozaa kiporo chote hicho.

Maharage yanaharibiwa na nazi. Ukishayaunga kwa tui, kwa joto la huku pwani yanaweza kuchacha kabla ya alfajiri. Yaloweke usiku, mwaga yale maji, chemsha kilo nzima bila tui mpaka yaive, kisha gawa: ya leo yaunge, yaliyobaki yapoze na uyatie kwenye friji katika vibakuli vya mlo mmoja mmoja. Yatakaa siku tatu bila neno. Kama umeme wa kwenu unakatika ovyo, chemsha ya siku moja tu.

Wali nao usiuache ndani ya sufuria mpaka asubuhi. Kuna vijidudu ambavyo mbegu zake hazifi kwa kuchemka. Wali ukikaa vuguvugu, vijidudu hivyo huzaliana na kutoa sumu, na sumu hiyo haiondoki hata ukiupasha. Utandaze kwenye sinia upoe upesi, uingie kwenye friji kabla saa mbili hazijapita tangu kuepuliwa, na kesho uupashe mara moja tu, mpaka mvuke utoke katikati. Uliolala mezani usimpe mtu, hata kuku usiwape.

Kwenye nyanya ndiko pesa yako inakopotelea. Usichukue sado nzima kwa kuwa bei imeshuka. Chagua zilizoiva za leo na kesho, na nyingine zenye ukijani kidogo. Ukifika nyumbani zitoe kwenye mfuko, maana jasho linalofungiwa humo huleta ukungu, kisha zipange juu ya ungo, upande wa kikonyo ukitazama chini, zisigandamizane. Iliyopasuka ipike siku hiyohiyo, kwani huozesha zilizo karibu nayo. Ndizi mbivu na parachichi ziweke mbali, kwa sababu hutoa hewa inayoivisha vingine haraka. Nyanya zikianza kulainika pamoja, zichemshe, menya, saga, pika mpaka maji yakauke, ugandishe.

Unga wa dona usagishe wa wiki mbili tatu tu. Kiini cha hindi kina mafuta, ndiyo maana dona huchachuka mapema kuliko sembe. Lakini mahindi yenye ukungu hayaokolewi hata kidogo: sumukuvu, yaani sumu ya ukungu huo, haiondoki kwa moto, na ukimpa ng'ombe inapita kwenye maziwa. Hayo yatupe bila kuona huruma.

Sasa la jirani. Naona si vizuri kumpelekea kiporo. Ukipima kama nilivyokueleza, kila wiki kutabaki kibaba au viwili ndani ya ndoo. Mpelekee hicho, kingali kikavu, pamoja na maharage makavu na nyanya ngumu, apike saa anayotaka na kwa ladha yake. Kiporo kilichohifadhiwa vizuri kileni wenyewe asubuhi, na chai.

Niandikie friji yako inakaa saa ngapi bila umeme, ili nikueleze kuhusu samaki.

Wako akupendaye,
Zuhura